Ordinatere ya kuunganisha imekataa kuwaka? Mbele ya kusema imekufa, soma namba za vipande

Hapa Kalemie watu wengi hawanunui ordinatere nzima. Wananunua kipande kwa kipande, sawa vile mutu anajenga nyumba: mwezi huu matofali, mwezi ujao mabati. Boitie inatoka kwa jirani aliyehama, kartemeri inakuja na treni toka Lubumbashi kwa njia ya Kabalo, RAM inavuka ziwa na masua toka Kigoma, ekrani inashuka toka Uvira. Siku moja vyote vinakutana juu ya meza. Fundi anakaza visi, mutoto anafinya butoni, na hakuna kitu. Ao vantilatere zinazunguka, lakini ekrani inabaki nyeusi tii.

Neno la kwanza lenye linatoka ni: «Imekufa.» La pili: «Wametuibia.» Mara nyingi maneno yote mawili si ya kweli. Vipande viko vizima, lakini kimoja hakisikilizani na kingine. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mufuko wa mufanyakazi. Kipande kilichokufa ni hasara. Kipande kizima chenye hakisikilizani na wenzake kinaweza kubadilishwa, kuuzishwa tena, ao kuwekwa ndani ya mashini ingine.

Mutu wa sendika anaingilia nini ndani ya mambo ya ordinatere? Anaingilia juu franga ni za wafanyakazi, na juu ya vitu vyenye tunaweka ndani. Orodha ya siku za kazi, karatasi za ajali, michango ya wanamemba, dosie za CNSS za wazee wenye kungojea pansheni: yote hayo zamani yalikuwa ndani ya kaye. Kaye inaliwa na muchwa, inalowa na mvua, inapotea siku delege anahama. Muzee aliyeshuka shimoni miaka mingi anaambiwa alete ushuhuda, na ushuhuda uko wapi? Ordinatere moja ya biro, hata ya zamani, inaweza kulinda majina ya watu wote wa seksio. Lakini kwanza inapaswa iwake.

«Trezorie alikula franga»

Seksio moja ya jimbo letu, yenye ninaijua vizuri, iliamua kutoa franga ya sanduku kwa kujenga ordinatere ya biro. Trezorie alitumwa kutafuta vipande. Alirudi navyo vyote, na karatasi ya kila kimoja. Siku ya kujaribu, taa ndogo iliwaka, vantilatere zilizunguka, ekrani haikuonyesha hata herufi moja.

Siku mbili hazikupita, neno lilikuwa limefika mupaka kwenye mulango wa shimo: trezorie alinunua vitu vya kufa kwa bei ya chini, franga zilizobakia alikula. Wa mama wenye mabwana zao waliumia kazini waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: franga hizi zilikuwa za kusaidia wagonjwa, sasa ziko wapi? Wamoja walianza kusema hawatatoa tena muchango. Sendika inaweza kuvunjika kwa jambo kama hilo, kuliko hata kwa ugomvi na patron.

Kilichookoa mambo ni kijana mumoja anayetengeneza telefone kwenye soko. Aliomba kitu kimoja tu: mashini ifunguliwe mbele ya watu wote, hakuna mutu wa kuifungua peke yake usiku. Alichukua karatasi, akaandika namba ya kila kipande. Juu ya kartemeri iliandikwa H110. Juu ya kifuniko cha chuma cha prosesere iliandikwa i3-8100. Alisimama hapo. «Hivi viwili,» alisema, «haviwezi kufanya kazi pamoja. Lakini vyote viwili viko vizima.»

Alieleza hivi. Kompani Intel ilitoa soketi yenye kuitwa LGA 1151, ni kusema miguu 1151 midogo yenye kugusa chini ya prosesere. Prosesere za kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, na za kizazi cha 7, zilizotoka mwanzo wa 2017, zinakaa hapo. Mwisho wa mwaka huo huo 2017, Intel ilitoa kizazi cha 8 na soketi ya jina lile lile, hesabu ya miguu ile ile, mapengo ya pembeni yale yale. Lakini kazi ya miguu mingine ilibadilishwa. Kwa hiyo kizazi cha 8 na cha 9 vinaomba kartemeri ya namba 300 na kitu: H310, B360, Z390. H110 ni ya kizazi cha 6 na cha 7. Ukiweka i3-8100 juu ya H110 inaingia muzuri, kifuniko kinafunga muzuri, vantilatere inazunguka, na ekrani haitawaka hata ukingoja mupaka Pasaka.

Muuzaji alikubali kubadilisha, juu prosesere ilikuwa nzima na karatasi iko. Alitoa i3-6100, ya kizazi cha 6. Mashini iliwaka siku ile ile, na mukutano ulimwomba trezorie musamaha. Tangu hapo nimeona hadithi ya namna hiyo mara nyingine nyingi, ndani ya jamaa, ndani ya makanisa, kwa vijana wa chuo. Mutu anashitakiwa, kumbe ni namba mbili hazikusomwa.

Kuingia si kusikilizana

Sisi watu wa mine tunajua jambo hili kuliko wengine. Chuma cha kutoboa mwamba kinaweza kuwa na unene sawasawa na kingine, lakini kama mukia wake si wa ile nyundo ya hewa, utapiga hewa bure. Motere ya pompi ya volti 380 inakaa juu ya musingi wa motere ya 220, visi vinaingia, lakini hakuna mutu mwenye akili ataifungia hapo. Ordinatere ni vile vile. Kuna maulizo matatu kwa kila kipande: kinaingia? kinapata umeme wenye kinaomba? na kartemeri inakijua? Watu wengi wanajibu ulizo la kwanza tu.

Ulizo la tatu njo linasumbua zaidi, juu halionekani kwa macho. Kartemeri iko na programu yake ndogo ya kuamukia, inaitwa BIOS. BIOS iko na orodha ya prosesere zenye inajua. Prosesere iliyotoka nyuma ya ile BIOS ni mugeni, haifunguliwi mulango. Mufano ni kwa upande wa AMD: soketi AM4 ilitumika miaka mingi, na kartemeri ya B450 ya mwaka 2018 inaweza kubeba Ryzen za namba 5000 zenye zilitoka nyuma. Lakini kwanza BIOS inapaswa kupewa toleo jipya. Kama haijapewa, ekrani itakuwa nyeusi, na mutu ataapa kwamba prosesere ilikufa.

Dawa yake: omba kwa rafiki prosesere ya AM4 ya zamani zaidi, iweke, amusha mashini, pakia BIOS mupya kwa klé ya USB toka kwa kompani iliyotengeneza kartemeri, kisha rudisha prosesere yako. Angalisho moja kubwa kwa muji wetu: usifanye kazi hiyo bila onduleri yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, kartemeri inaweza kufa kweli kweli, na siku hiyo neno «imekufa» litakuwa la haki.

Vua yote, rudisha kimoja kimoja

Fundi muzuri hatafuti kosa ndani ya mashini nzima. Anaivua nguo. Toa waya ya umeme ukutani, finya butoni mara moja ili umeme uliobakia utoke, gusa chuma cha boitie ili mwili wako usibebe umeme mukavu wa kuchoma vipande. Kisha fuata njia hii.

Kwanza, toa kartemeri ndani ya boitie, iweke juu ya karto kavu. Mara nyingi kosa liko hapa: chini ya kartemeri kunapaswa kuwa vijiti vya shaba vyenye kuinyanyua. Kijiti kimoja kikikosa, ao kimoja kikizidi mahali hakuna tundu, chuma kinagusa nyuma ya kartemeri na mashini inajizima yenyewe.

Pili, acha vitu vinne tu: kartemeri, prosesere na vantilatere yake, bareti moja ya RAM, na alimantasio. Diski toa. Karte ya wifi toa. Vitu vyote vya USB toa. Karte grafiki nayo toa, kama prosesere iko na picha zake yenyewe.

Tatu, angalia waya mbili za umeme. Kuna ile kubwa ya miguu 24, wote wanaiona. Kuna na ile ndogo ya miguu 4 ao 8, karibu na prosesere, yenye watu wanasahau. Ikikosa, vantilatere zinazunguka lakini prosesere haina chakula, na ekrani inabaki nyeusi.

Ine, washa. Kama inawaka na kuonyesha maandishi, kosa liko ndani ya vitu ulivyotoa. Rudisha kimoja, washa. Rudisha kingine, washa. Kile kitakachoizima njo mukosefu. Usirudishe viwili kwa mara moja, hutajua ni nani. Kama haiwaki hata ikiwa na vitu vinne tu, badilisha kimoja kwa kingine cha kuazima chenye unajua ni kizima: kwanza RAM, kisha alimantasio.

Kartemeri za siku hizi mara nyingi ziko na taa ndogo ine pembeni, zenye kuandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa yenye inabaki kuwaka inakuambia mashini imekwama wapi: kwa prosesere, kwa RAM, kwa picha, ao kwa diski. Za zamani zinalia: bip moja, bip tatu, bip ndefu. Maana ya sauti inatofautiana kwa kila BIOS, kwa hiyo hesabu bip na utafute kwa jina la kartemeri yako, usikubali maana ya kuambiwa barabarani.

RAM: soma herufi ya mwisho

RAM njo yenye kuuzishwa vibaya zaidi kwenye masoko yetu. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5. Pengo la chini haliko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii mahali pa ingine. Ikikataa kuingia, usisukume na magoti. DDR3 inakula volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1.

Hatari iko kwa zile zenye zinaingia lakini hazifanyi kazi. Angalia etiketi. Utaona maandishi kama PC3-12800U ao PC4-2400T-U. PC3 ni kusema DDR3, PC4 ni DDR4. Herufi yenye kufuata njo mali: U ni ya ordinatere ya kawaida ya mezani, S ni ya ordinatere ya kubeba, fupi, na R ni ya serveri. RAM ya R iko sokoni kwa bei ya chini sana, juu kompani kubwa za ng'ambo zinatupa serveri zao. Inaingia ndani ya kartemeri ya kawaida bila taabu, na mashini haiwaki. Kuna na bareti za DDR3 zenye kuandikwa ni za AMD tu. Ukiziweka kwa Intel, ni bure. Bei ndogo kupita kiasi iko na sababu.

Kama kartemeri iko na mafasi ine na uko na bareti mbili, mara nyingi inaomba ya pili na ya ine, ukihesabu toka kwa prosesere. Mbele ya kuhukumu bareti, sugua meno yake ya zahabu pole pole na gome ya kufutia kalamu, pangusa, rudisha mupaka isikike «ta!». Vumbi na unyevu wa ziwa vinafanya kazi yao hapa Kalemie. Kisha, mashini ikiwaka lakini inajizima ovyo, pakia Memtest86+ juu ya klé ya USB. Ni ya bure. Iache itembee usiku muzima. Kosa moja tu likionekana, bareti ile irudi kwa mwenyewe.

Ekrani nyeusi, mashini nzima

Mbele ya kufungua chochote, angalia waya ya ekrani iko wapi. Kama mashini iko na karte grafiki, waya inapaswa kuingia kwa karte ile, si kwa tundu la kartemeri la juu.

Kisha soma jina la prosesere. Intel yenye herufi F kwa mwisho, kama i5-9400F ao i3-10100F, haina picha ndani yake. Bila karte grafiki, hutaona kitu. Kwa AMD za soketi AM4, Ryzen zenye kutoa picha ni zile zenye herufi G. Watu wananunua ya F juu bei iko chini, halafu wanashangaa.

Kuna na shida ya ekrani zetu za zamani zenye waya ya buluu ya VGA. Karte mupya zinatoa HDMI na DisplayPort tu. Ki-adaptere cha bure, chenye hakina kitu ndani, hakiwezi kugeuza picha toka HDMI kwenda VGA. Inapaswa kile chenye kugeuza kweli, chenye kula umeme kidogo. DVI nayo ni mbili: ile ya DVI-D haitoi picha ya VGA hata kidogo.

Umeme wa kwetu

Umeme wa Kalemie unatoka kwenye mabwawa ya Bendera, na wote tunajua vile unapanda na kushuka. Ordinatere ya kuunganisha inaonja yote.

Nyuma ya alimantasio ya zamani kuna kisukumo chekundu: 115 ao 230. Mashini zilizotoka Marekani mara nyingi ziko kwa 115. Umeme wetu ni volti 220. Ukiwasha na 115, utasikia mulio na harufu, na kila kitu kimekwisha. Angalia kisukumo hicho mbele ya siku ya kwanza. Ikiwa haina kisukumo, soma etiketi: kama inasema 100-240, inakula umeme wowote.

Alimantasio za Dell na za HP za maofisi, zenye kujaa sokoni, mara nyingi hazina ile waya ya miguu 24. Kompani hizo zilijitengenezea zao, kwa mashini zao. Kuna ki-adaptere, lakini nunua tu kama jina la mashini yako limeandikwa juu yake. Na alimantasio zenye waya za kuchomoa: usichukue waya ya moja kupeleka kwa ingine, hata kama meno yanaingia. Upande wa alimantasio kila kompani inapanga nyuzi zake kwa namna yake, na wengi wamechoma diski yenye dosie zote kwa njia hiyo.

Kwa ndugu wa karieri za mbali, kule Nyunzu ao Manono, wenye kuishi na grupu ao na jua: konvertisere za bei ndogo zinatoa umeme wa vipande vipande, si wa wimbi laini. Alimantasio za kisasa zingine zinaukataa: zinalia, zinazima, zinawaka tena. Mashini ile ile ukiipeleka muji inatembea muzuri, na fundi anaanza kuonekana muchawi. Tafuta konvertisere yenye kuandikwa «pur sinus», ao tumia ordinatere ya kubeba. Na usifungue boksi ya alimantasio. Ndani yake umeme unabaki hata ukichomoa ukutani.

Diski, saa na programu

Diski ndogo nyembamba za M.2 ni mbili: za SATA na za NVMe. Zinafanana sawa mapacha. Mafasi mengine ya kartemeri yanajua aina moja tu. Diski isipoonekana ndani ya BIOS, soma ndani ya kitabu cha kartemeri kama tundu lile linakubali aina gani, na kama halizimi tundu moja la SATA wakati linatumika.

Diski iliyotolewa ndani ya ordinatere ya zamani inaweza kuonekana lakini isiamuke, juu kuna namna mbili za kuamuka: ya zamani na ya UEFI. Badilisha ndani ya BIOS mbele ya kufuta diski. Watu wamefuta kazi ya miaka kwa kukosa kujaribu hilo.

Windows 11 inaomba kipande cha usalama cha TPM 2.0, na kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Windows 10 ilimaliza kupata matengenezo ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashini ya kizazi cha 6, kama ile ya seksio, Linux Mint na LibreOffice ni za bure na zinatosha kabisa kuandika orodha na barua. Angalia tu klé yako ya wifi kama inatambuliwa. Zingine zinaomba piloti ya kutafuta, kwa hiyo mara ya kwanza tumia waya ao telefone kwa USB.

Tena kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3, juu ya kartemeri. Ikichoka, saa inarudi nyuma kila umeme unakatika. Wengine wanaona ni jambo dogo. Kwa delege si dogo: karatasi ya ajali yenye kubeba tarehe ya miaka iliyopita itampa patron nafasi ya kusema ajali haikutokea. Ibadilishe.

Mbele ya kulipa

Kurudisha kipande Lubumbashi ao Kigoma ni safari, ni siku za kazi zilizopotea. Kwa hiyo dawa kubwa iko mbele ya kulipa.

Anza na kartemeri. Ndiyo mama wa nyumba. Wengine wote wanafuata yeye. Ukishaijua jina lake lote, na namba ya toleo lake, tafuta kwa kompani yake orodha ya prosesere na RAM zenye inakubali. Kijana yeyote mwenye telefone anaweza kukusaidia.

Omba muuzaji atume foto ya etiketi ya kila kipande kwa WhatsApp, si foto ya karto yake. Soma herufi za mwisho: F, G, U, R. Omba karatasi yenye namba ya kipande na siku za kurudisha. Kama uko mbele yake, kiwashwe mbele yako. Na kama ni franga ya watu, wende wawili, warudi wawili, karatasi zisomwe mukutanoni mbele mashini haijafunguliwa. Hapo hata ikikataa kuwaka, mutafuta kosa atalitafuta ndani ya chuma, hatalitafuta ndani ya mufuko wa mwenzake.

Tukumbuke vilevile ni vitu gani tunashika mukononi. Koltani ya Kisengo na Mai Baridi, yenye ndugu zetu wa Nyunzu wanachimba na chepe, inatoa tantali, na tantali inaingia ndani ya vipande vidogo vyenye kutunza umeme juu ya kartemeri nyingi. Kasiterite inatoa bati la kuchomelea miguu ya kila kipande. Tangu mwaka 2006 Ulaya ilipokataza risasi ndani ya vyombo hivi, karibu uchomeleaji wote ni bati. Nyuzi zenye kupita ndani ya kibao ni shaba. Jiwe linatoka kwetu kwa kilo, linarudi kwetu kwa bei ya zahabu. Kutupa kartemeri nzima juu hatukusoma namba yake ni kulipa mara mbili jasho letu wenyewe.

Ile seksio sasa iko na desturi moja rahisi, na ninaomba zingine ziifuate. Ndani ya mulango wa boitie wamebandika karatasi: jina la kartemeri, toleo la BIOS, prosesere, RAM na herufi yake, alimantasio, tarehe ya kila kitu, na majina ya wale wawili walionunua. Kopi ya karatasi hiyo iko ndani ya sanduku, pamoja na klé ya USB yenye nakala ya orodha zote, inayofanywa kila Ijumaa. Siku kipande kitakataa, fundi yeyote atakayekuja, hata mugeni, atajua pa kuanzia.